Sura ya Tano: Shamba la Kambi ya Simba

Januari 1987, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walifungua shauri katika Mahakama ya Hakimu Mkazi kudai shamba lao la kimila. Shamba lilikuwa Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, katika nyanda za juu za Karatu, na wakati huo lilikuwa mikononi mwa watu wengine. Mahakama ikazisikiliza pande zote mbili, ikapima ushahidi, ikawapa ushindi baba na mwana. Wakarudishiwa shamba. Walioshindwa nao wakakata rufani Mahakama Kuu mjini Arusha, kama sheria inavyowaruhusu, na rufani ikabaki inasubiri zamu yake.

Kabla zamu hiyo haijafika, mwishoni mwa 1992 Bunge lilipitisha Sheria Namba 22 ya mwaka huo, iliyohusu umiliki wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika ardhi iliyotwaliwa wakati wa Operesheni Vijiji. Ilikataza fidia kwa aliyepoteza haki hizo. Kisha ikaziondoa mahakama katika migogoro ya aina hiyo, ikazima mashauri yaliyokuwa yanaendelea, na ikazuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Mwenye shamba alilala na shamba, na hukumu, na mahali pa kulalamika. Akaamka hana hata kimoja.

Sura hii inahusu zaidi hilo jambo la tatu. Kutwaa ardhi ni kazi ambayo kila serikali duniani huifanya. Barabara haipiti hewani, na hospitali haijengwi juu ya mawingu. Lakini mamlaka inayotwaa ardhi na papo hapo ikamnyima mtu jaji wa kumsikiliza imejipa cheo ambacho katiba yetu haikumpa mtu yeyote, awe mkuu wa wilaya, waziri au Rais.

Ili kuelewa ilikuwaje Bunge likatunga sheria ya namna ile, ni lazima turudi nyuma miaka ishirini. Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Katika miaka iliyofuata, katika kampeni iliyoitwa Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa hiari, wengi kwa kusukumwa, na kupangwa katika vijiji vipya. Aliyefika kijijini aligawiwa ekari za kulima. Swali ambalo halikuulizwa kwa uzito lilikuwa hili: ekari hizo zilikuwa za nani jana? Mara nyingi zilikuwa na mwenyewe. Alizirithi kwa babu yake, au alizifyeka mwituni kwa mkono wake, au alipewa na wazee wa ukoo. Sheria ya Vijiji ya 1975 iliandikisha vijiji na kuvipa halmashauri, lakini haikusema chochote kuhusu haki za wale waliokuwa na mashamba kabla ya kijiji kufika.

Kwa hiyo Operesheni ilifanyika juu ya pengo. Amri ya kisiasa ilihamisha watu na mashamba, na hapakuwa na sheria iliyozifuta haki za zamani. Miaka ya themanini, upepo wa siasa ulipoanza kubadilika, wenye mashamba wa awali walikwenda mahakamani, hasa mkoani Arusha, na mahakimu waliposoma sheria waliona kwamba haki za watu hao bado zipo. Wakaanza kushinda. Mwaka 1987 Serikali ilijibu kwa amri iliyotangazwa katika Gazeti la Serikali, ikifuta haki za kimila katika vijiji vya Arusha vilivyoorodheshwa. Amri hiyo haikutosha kuzima mashauri, ndipo ikaja sheria ya 1992.

Hapa ni haki kuwataja pia wale wa upande wa pili, kwa sababu habari hii ikisimuliwa vibaya huwafanya wao waonekane wezi. Hawakuwa wezi. Walikuwa wakulima maskini walioamriwa wahame, wakaoneshwa shamba na kiongozi mwenye mamlaka, wakalima zaidi ya miaka kumi, wakazaa na kuzika hapo. Kuwafukuza wao kungekuwa dhuluma nyingine. Serikali ilikuwa na shida ya kweli mikononi mwake, na shida hiyo iliitengeneza yenyewe. Ingeweza kuimaliza kwa fedha: walime waliopo, na wa awali walipwe. Ikachagua njia isiyoigharimu kitu, gharama yote akaibeba mkulima mmoja mmoja.

Akonaay na mwanawe hawakukubali. Walifungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu, Arusha, wakidai kwamba sheria ya 1992 inavunja haki zao za msingi. Wakati huo Hati ya Haki za Binadamu ilikuwa bado changa. Iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na haki ya hifadhi ya mali aliyonayo kwa mujibu wa sheria, na inapiga marufuku mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Ibara ya 13 inadai kwamba haki ya mtu inapoamuliwa, mtu huyo asikilizwe kwa ukamilifu. Jaji Eusebia Munuo aliwapa ushindi wadai. Mwanasheria Mkuu akakata rufani.

Hoja ya Serikali mbele ya Mahakama ya Rufani ilikuwa nzito kuliko inavyoonekana kwa mbali, na inafaa tuisikie vizuri. Naibu Mwanasheria Mkuu alisema kwamba haki ya kimila katika ardhi si mali. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma na iko chini ya Rais. Mwanakijiji ana ruhusa tu ya kukaa na kulima. Ruhusa haina sifa za mali ambayo Katiba inailinda. Ikiwa si mali, basi hakuna aliyenyang'anywa mali, na fidia haina mahali pa kusimama.

Ukifuata hoja hiyo hadi mwisho wake, unafika mahali pa kutisha. Watanzania walio wengi hawana hati yenye muhuri wa Wizara. Wanashika ardhi kwa mila, kama wazazi wao walivyoshika. Hukumu ilisomwa Desemba 1994 na Jaji Mkuu Francis Nyalali, aliyeketi pamoja na Jaji Makame na Jaji Kisanga. Nyalali aliona mara moja uzito wa jambo hilo: kama Serikali ingekuwa sahihi, wakazi wengi wa Tanzania Bara wangekuwa wavamizi ndani ya nchi yao wenyewe. Mahakama ikakataa kufika huko.

Namna ilivyokataa ndiyo inayofanya hukumu ile istahili kusomwa na kila diwani na kila mwenyekiti wa kijiji. Majaji hawakusema kwamba ardhi si ya umma. Walikubali ni ya umma. Walikubali pia kwamba sheria imeiweka chini ya Rais. Wakauliza: Rais anaishika kwa niaba ya nani? Jibu walilitafuta katika historia ya nchi hii. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Baada ya Vita vya Kwanza Uingereza ilikabidhiwa nchi hii na Shirikisho la Mataifa, baadaye ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na katika mikataba yote miwili mtawala alitakiwa aheshimu haki na maslahi ya wenyeji katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilimpa Gavana usimamizi wa ardhi yote katika mazingira hayo ya udhamini. Uhuru ulipokuja, jina la Gavana likatoka na jina la Rais likaingia, wajibu ukabaki.

Mdhamini ana mipaka. Mahakama iliitaja mmoja mmoja, na kwa maneno yangu ni hivi: Rais hawezi kuitumia ardhi ya umma atakavyo, wala kwa namna inayowaumiza wale anaowashikia, hawezi kuwa yeye mwenyewe mnufaika wa ardhi hiyo, na wananchi waliokaa juu yake kihalali hawawezi kugeuzwa kuwa wavamizi. Mlezi wa mali ya yatima anaijua sheria hii hata kama hajawahi kuingia mahakamani: mali iko mkononi mwake, na hana ruhusa ya kuila.

Kutokana na hapo majaji walitamka kwamba haki ya kimila, ingawa ni haki ya kukalia na kutumia tu, ni mali inayolindwa na ibara ya 24. Kuhusu fidia walikwenda hatua moja zaidi. Serikali ilikuwa imezoea kulipa kile kinachoonekana juu ya ardhi: nyumba, kisima, miti. Mahakama ikasema kwamba hata pasipo na jengo, jasho lililomwagwa kuifanya ardhi ifae ni kitu kinachostahili kulipwa. Na shahidi wao katika hilo alikuwa Nyerere, katika maandishi yake ya 1958 kuhusu mali ya taifa, ambako alieleza kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, lakini mtu anayefyeka kipande chake kwa nguvu zake anapata dai juu ya kipande hicho kwa sababu ya nguvu hizo. Sijui ushindi mwingine wa mkulima dhidi ya matokeo ya Operesheni Vijiji uliojengwa juu ya maneno ya mwanzilishi wa Operesheni hiyo.

Sheria ya 1992 haikufutwa yote. Vifungu vilivyonyima fidia na vilivyofunga milango ya mahakama ndivyo vilivyoanguka. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo vilivyokuwa roho yake.

Tusidhani kwamba majaji hao walikuwa wakifanya jambo lisilo na mizizi katika nchi. Kilomita chache kutoka Arusha mjini, chini ya Mlima Meru, kulikuwa na watu waliokwishalipigania suala hilohilo kabla ya Uhuru. Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya ili walowezi wa Kizungu wapate eneo moja lisilokatika. Gavana Edward Twining akaitekeleza. Novemba 1951 Wameru wa Engare Nanyuki walifukuzwa makwao, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Waliambiwa watapewa ardhi nyingine na fidia. Walikataa vyote viwili, kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Walimchagua Kirilo Japhet, wakachanga fedha, na mwaka 1952 akasafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Alikuwa Mtanganyika aliyekwenda kumshtaki mdhamini mbele ya aliyemkabidhi dhamana. Azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, likaanguka. Lakini habari za safari yake zilienea Tanganyika nzima, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa. Wale waliopigania Uhuru walijua vizuri maana ya gavana anayeweza kusaini karatasi leo na kesho ukaamka huna kijiji.

Ndiyo maana nasema ni jambo la kuhuzunisha kwamba karatasi ile haikuchanwa siku ya Uhuru. Mamlaka ya Gavana juu ya ardhi yalihamia kwa Rais karibu kama yalivyokuwa. Na katika miaka ya themanini mahakama zetu hazikuwa zinaona mambo kwa jicho moja. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliyaamua madai ya wafugaji wa Kibarabaig wa Mulbadaw, wilayani Hanang, waliopoteza malisho yao kwa mashamba ya ngano ya shirika la umma, NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema miongoni mwa mengine kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji wanaostahili haki ya kimila. Mbarabaig aliyezaliwa Hanang alitakiwa alete ushahidi kwamba ni mwenyeji wa Hanang. Kati ya hukumu hiyo na ile ya Akonaay ipo miaka tisa tu. Kilichoingia katikati ni ile Hati ya Haki iliyoanza kudaiwa mwaka 1988.

Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, na kwa karne nyingi huo ulikuwa ushauri wa busara kwa mtu mnyonge. Hati ya Haki imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hataki kupisha kabla hajaambiwa sababu.

Sababu hiyo inadaiwa namna gani? Sheria za leo zina majibu kadhaa, na nitayapitia kwa sababu wananchi wengi hukutana nayo siku ambayo alama ya X imekwishapakwa ukutani.

Ya kwanza ni lengo. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967 inamruhusu Rais kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Huo ndio mlango, na ni mpana mno. Ndani ya maneno hayo zimewekwa barabara na shule, lakini vilevile miradi ya kilimo, viwanda na biashara. Kampuni ikihitaji ardhi kwa mradi unaosemekana una maslahi kwa uchumi wa taifa, Rais anaweza kuutambua mradi huo kuwa wa manufaa ya umma, kwa idhini ya azimio la Bunge. Kipengele hicho cha Bunge ni kizuri. Kinalazimisha jambo lisemwe hadharani. Ila upana wa lengo lenyewe unabaki kuwa udhaifu mkubwa, kwa sababu ni vigumu kutaja mradi wowote ambao mwanasheria mzuri hawezi kuuingiza humo.

Ya pili ni taarifa. Mwenye ardhi lazima apewe notisi, na utwaaji utangazwe katika Gazeti la Serikali. Sheria ya Ardhi ya 1999 imeweka masharti ya namna hiyohiyo kwa ufutaji wa hati. Rais anaweza kumfutia mtu hati, lakini kwa sababu za msingi zilizotajwa: kutelekeza ardhi kwa muda uliowekwa, kuvunja masharti ya hati, kuihamisha kinyume cha sheria. Kabla ya hapo mwenye hati anapaswa kujulishwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujitetea. Katika muongo uliopita Serikali ilifuta hati za mashamba pori mengi, yakiwemo ya Morogoro, na wanakijiji waliokuwa wakibanana pembezoni mwa mashamba hayo walishangilia. Nami naelewa furaha yao. Mtu anayeshika maelfu ya ekari bila kuzilima huku majirani zake wakikodi robo ekari hastahili huruma nyingi. Anachostahili ni notisi na nafasi ya kujieleza, na anastahili hivyo kwa sababu ngazi anayopandishwa yeye ndiyo atakayopandishwa mwenye ekari mbili. Ukizoea kushangilia hati inapofutwa jukwaani kwa kipaza sauti, siku ya zamu yako hutakuwa na hoja.

Ya tatu ni fidia, na hapa ndipo penye vilio vingi. Sheria ya 1967 iliiona ardhi tupu kuwa haina bei. Sheria mbili za 1999, ile ya Ardhi Namba 4 na ile ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilibadili hilo. Zinatambua kwamba ardhi yenyewe ina thamani, na zinadai fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za 2001 zinataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida. Malipo yanatakiwa yatoke ndani ya miezi sita. Yakichelewa yaambatane na riba. Sheria ya uthamini ya 2016 ikaongeza kwamba tathmini ya fidia haidumu zaidi ya miaka miwili. Ikipita hapo, ni lazima irudiwe.

Haya yote yakifuatwa, mtu hawezi kulalamika sana. Hali ilivyo ni tofauti, na tofauti hiyo imejificha mahali ambapo hakuna tingatinga wala askari. Wathamini huja kijijini, huhesabu minazi na mikorosho, hupiga picha nyumba na mwenye nyumba akiwa amesimama mbele yake na namba kifuani. Kisha husema: kuanzia leo, usiendeleze. Usijenge chumba kingine, usipande mti wa kudumu, usikarabati paa. Wanaondoka. Mwaka unapita, wa pili unapita. Mtoto anaoa, hana pa kujenga. Paa linavuja, fundi anaogopa kuligusa. Benki haikopeshi juu ya nyumba yenye mgogoro. Mwenye ardhi bado anayo ardhi katika vitabu vyote vya Serikali, na hawezi kuifanyia lolote. Wabunge wameyasema haya bungeni mara nyingi, na majibu ya mawaziri huwa ni kwamba fedha zinatafutwa.

Kumzuia mtu asitumie mali yake kwa miaka bila malipo ni kumnyang'anya mali hiyo polepole. Siioni tofauti ya kisheria inayostahili kuheshimiwa kati ya hayo mawili, na natamani siku moja shauri kama hilo lifike Mahakama ya Rufani likiwa limeandaliwa kama lile la Kambi ya Simba.

Majirani zetu wa Uganda wamekwishalifikisha. Katiba yao ya 1995 inasema ardhi ni ya raia wa Uganda, na kwamba fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Mamlaka ya barabara ilipotwaa ardhi ya watu wawili kwa ajili ya barabara ya Hoima hadi Kaiso-Tonya, kuelekea kwenye mafuta, wenye ardhi walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kifungu cha sheria kilichoiruhusu Serikali kuingia kwanza na kulipa baadaye ni batili. Mwaka 2017 Serikali ilipeleka muswada wa kubadili Katiba ili iweze kuweka fedha mahakamani na kuendelea na ujenzi huku mabishano ya bei yakiendelea. Waganda wakaupinga kila kona, na haukupita. Ulipwe kwanza, kisha uhame: maneno hayo mafupi ndiyo yanayokosekana katika sheria yetu kwa uwazi wa namna ile.

Kenya inatufundisha upande ambao sisi huusahau, kwamba mkono wa dola unaweza kudhulumu kwa kugawa kama unavyodhulumu kwa kutwaa. Kwa miongo mingi ardhi ya umma ya Kenya, misitu, viwanja vya shule, hifadhi za barabara, iligawiwa watu kwa barua kutoka juu. Tume ya Paul Ndung'u iliyoundwa 2003 iliorodhesha ugawaji huo kwa kina. Katiba ya 2010 ikajibu kwa namna mbili: ikaunda Tume ya Taifa ya Ardhi isimamie ardhi ya umma, na ikasema kwamba ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ililitumia hilo katika shauri la kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa, kilichogawiwa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha kikauzwa na kuuzwa tena hadi kwa kampuni. Mahakama ikasema ugawaji wa mwanzo haukufuata utaratibu, kwa hiyo hati ya mwisho haina cha kusimamia. Utaratibu uliorukwa na Rais mwaka 1989 ulimfikia mnunuzi miaka thelathini na minne baadaye.

Na iko Zimbabwe. Mwaka 2005 ilibadili katiba yake ili mtu ambaye shamba lake limetwaliwa asiweze kupinga utwaaji huo mahakamani. Dhuluma ya ardhi iliyofanywa na walowezi nchini humo ilikuwa kubwa na ya kweli; kuirekebisha ulikuwa wajibu. Lakini Novemba 2008 Baraza la mahakama la SADC, lililokaa Windhoek, lilisema kwamba kuwafungia watu mlango wa mahakama ni kuvunja mkataba wa jumuiya. Viongozi wa nchi wanachama, nchi yetu ikiwemo, wakalisimamisha Baraza hilo mwaka 2010. Walichokifanya kilikuwa kilekile cha sheria yetu ya 1992, kwa kiwango cha kanda nzima.

Turudi nyumbani, kwa sababu kuna kazi ambayo haijamalizwa. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi ikisikiliza wananchi hadharani, ikawasilisha ripoti Novemba 1992, majuma machache kabla ya ile Sheria Namba 22. Ilipendekeza miliki ya juu ya ardhi itoke kwa Rais na Serikali Kuu: ardhi ya taifa iwe chini ya tume inayowajibika kwa Bunge, na ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji yenyewe. Serikali haikukubali. Sera ya Ardhi ya 1995 na sheria za 1999 zikaacha ardhi yote kwa Rais akiwa mdhamini.

Kwa hiyo leo, ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, Mkutano Mkuu wa Kijiji una kauli ya mwisho ikiwa eneo halizidi hekta 250. Likizidi, kijiji kinatoa maoni na waziri ndiye anayeidhinisha. Kadiri kijiji kinavyopoteza ardhi kubwa zaidi ndivyo kauli yake inavyopungua. Mpangilio huo umegeuzwa miguu juu.

Mazungumzo ya Katiba Mpya yatarudi, kama yalivyorudi kila mara. Yakirudi, yatatekwa na hoja ya madaraka ya Rais katika uteuzi, tume ya uchaguzi, na idadi ya serikali. Hayo ni mambo makubwa. Lakini mgombea akija kijijini kwako kuomba kura, mwombe ajibu maswali matatu mbele ya watu. Je, atakubali miliki ya ardhi ya kijiji iwe ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kama tume ya Shivji ilivyopendekeza? Je, ataunga mkono fidia ilipwe kabla mtu hajaambiwa asiendeleze? Na je, atapiga kura ya hapana kwa sheria yoyote itakayomwondolea mwananchi haki ya kwenda mahakamani kuhusu shamba lake? Majibu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano, na nakala ibaki kijijini.